Mitumba ya Sumu

Belo likifunguliwa Gikomba, kuna kimya cha sekunde mbili tatu, halafu mikono inaingia. Mama yangu amekuwa akiuza nguo pale tangu nikiwa darasa la pili. Shule zikifungwa, kazi yangu ilikuwa kumsaidia kuchambua: kamera huku, fagia kule. Kamera ni ile nguo safi, karibu mpya, inayorudisha pesa ya belo lote. Fagia ni kilichobaki, chenye doa, tundu au zipu iliyokufa, na bei yake hutangazwa kwa kelele hadi jioni.

Kuna blauzi ambazo Mama hakuzitupa kwa fagia hata zikiwa na doa. Ni zile zinazoteleza mkononi kama maji. "Shika uone, kastoma wangu, hii ni silki." Siku moja nikasoma lebo ndogo shingoni: viskosi, asilimia mia. Nikamuuliza, "Mama, viskosi ni nini?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Ni silki ya watu kama sisi."

Sikulifikiria tena jibu hilo kwa miaka mingi, hadi nilipopata kazi mbaya.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma kabisa, nilipata kibarua kwa godauni moja Industrial Area. Kazi ilikuwa kupaka gundi soli za viatu. Madirisha yalifungwa, ati kwa sababu ya vumbi na wezi. Siku ya kwanza kichwa kiliniuma hadi nikatapika nikingoja mathree. Kesho yake supavaiza akanipa pakiti ya maziwa. "Kunywa, inakata sumu. Utazoea." Na kweli, wiki ya pili harufu ikaisha. Nilidhani mwili umekuwa sugu. Kumbe ni pua tu iliyochoka. Gundi ilikuwa palepale. Na maziwa? Maziwa huenda tumboni. Mvuke huenda mapafuni, na kutoka hapo huingia damuni. Hawa wawili hawakutani njiani.

Niliondoka baada ya miezi mitatu, ncha za vidole zikiwa zimeanza kufa ganzi. Usiku nikawa nasoma, nikitaka kujua nilikuwa navuta nini. Nikasoma juu ya mafundi wa ndara wa Japani ambao miaka ya 1960 walidhoofika mikono na miguu kwa sababu ya heksani, kiyeyusho kilichokuwa ndani ya gundi yao. Ukurasa mmoja ukanipeleka kwa mwingine, nikarudi nyuma miaka mia na zaidi, hadi nikafika kwa kimiminika kingine ambacho ni kama babu wa hii shida yote. Nilipoifuata historia yake hadi mwisho, nikaikuta blauzi ya Mama.

Kimiminika hicho ni kaboni disulfidi. Mjerumani Wilhelm August Lampadius alikipata mwaka 1796 huko Freiberg, mji wa migodi, alipochoma madini ya salfa na chuma pamoja na makaa yenye unyevu. Hakina rangi. Kikiwa safi kina harufu ya utamu fulani. Kile cha kiwandani hunuka kama kabichi iliyooza. Huyeyusha vitu ambavyo maji hayawezi: mafuta, nta, salfa, mpira. Unaelewa kwa nini wenye viwanda walikipenda.

Sasa angalia tabia zake. Kinachemka kwenye nyuzi 46 tu, kwa hiyo hata kikikaa kwenye ndoo kinageuka mvuke mbele yako. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara mbili na nusu hivi. Haupai juu ukapotea. Unatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, unaingia mitaroni, unateremka ngazi, na unaweza kukutana na moto mbali na pale ulipotoka. Na wala hauhitaji kiberiti. Joto la nyuzi 90 hivi linatosha kuuwasha, na hilo ni chini ya joto la maji ya chai yanayotokota. Bomba la mvuke la kiwandani linatosha. Balbu yenye moto inatosha. Ndiyo maana watu waliokijua walikuwa wakikihifadhi chini ya maji: ni kizito kuliko maji na hakichanganyiki nayo, kwa hiyo maji hukaa juu yake kama kifuniko.

Hatari ya moto iliheshimiwa mapema, kwa sababu moto unaunguza mali ya mwenye kiwanda. Hatari ya pumzi haikuheshimiwa hivyo. Mapafu ni ya kibarua.

Mwaka 1846 Mwingereza Alexander Parkes alipata hati ya kumiliki mbinu ya kuimarisha mpira bila moto. Mpira mbichi hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Charles Goodyear alikuwa amegundua kwamba ukiupika na salfa unatulia. Parkes akaonyesha kwamba mpira mwembamba hauhitaji hata kupikwa: uchovye tu kwenye kaboni disulfidi iliyochanganywa na kloridi ya salfa. Ilikuwa rahisi sana, hadi watu wakaifanyia kazi hiyo kwenye vijumba vidogo vya Paris, mahali pa kulala na pa kazi pakiwa pamoja. Walitengeneza baluni za watoto na kondomu.

Daktari mmoja wa Paris, Auguste Delpech, akaanza kuwapokea wafanyakazi hao. Mwaka 1856 akapeleka ripoti yake mbele ya Chuo cha Tiba cha Ufaransa, na mwaka 1863 akachapisha nyingine ndefu zaidi. Aliyoyaandika yanatisha kwa jinsi yalivyo ya kawaida. Kwanza kichwa kinauma. Halafu zinakuja ndoto mbaya, hasira bila sababu, kicheko bila sababu. Kumbukumbu inapotea, miguu inalegea. Hamu ya mapenzi inapanda kama moto wa karatasi, kisha inazima kabisa. Vijana waliokuwa wakitengeneza kondomu walikuwa wanapoteza nguvu za kiume.

Kwa hiyo tuweke alama hapa. Mwaka ni 1856. Reli ya Mombasa haijaanza, Nairobi haipo. Na tayari imeandikwa, kwa jina la sumu, kazi yenyewe na dalili zake, kwamba kimiminika hiki kinavuruga akili za watu. Kila kilichofuata baada ya hapo hakikutokana na kutojua.

Kilichofuata ni mabishano kuhusu nani alaumiwe. Mwaka 1888 Jean-Martin Charcot, bingwa wa magonjwa ya neva aliyesikilizwa Ulaya nzima, alimwonyesha wanafunzi wake mgonjwa aliyetoka kwenye kazi ya mpira. Charcot alikubali kwamba sumu ilihusika, lakini kwa maoni yake ilikuwa imeamsha tu histeria ambayo mtu alikuwa na mwelekeo nayo tayari. Yaani, kasoro ni yako, kazi imeifunua tu. Huko Uingereza Thomas Oliver, daktari aliyechunguza kazi za hatari, aliandika mwaka 1902 juu ya wafanyakazi wa mpira waliorukwa na akili wakajitupa kutoka vyumba vya juu vya kiwanda. Dawa iliyopatikana? Madirisha yakawekwa vyuma. Niliposoma hapo nilikumbuka madirisha ya godauni letu, nikafunga simu nikalala.

Mpira wenyewe, kwa njia, haukuota Ulaya. Katika miaka ile ya mwisho wa karne, sehemu ya mpira uliopelekwa huko ulitoka Kongo ya Mfalme Leopold, ambako watu walikatwa mikono kwa sababu ya mgao usiotimia. Biashara hiyohiyo iliwakata mikono watu wa upande mmoja na kuwaharibu akili watu wa upande wa pili.

Hapo ndipo inakuja silki ya watu kama sisi. Mwaka 1892 Waingereza watatu, Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle, waligundua jinsi ya kugeuza mti kuwa uzi. Unachukua rojo la mbao, yaani selulosi. Unalilowesha kwenye kostiki soda. Unalichanganya na kaboni disulfidi, linageuka makombo ya rangi ya machungwa. Unayayeyusha tena kwenye kostiki soda, unapata uji mzito kama asali. Uji huo ndio viskosi. Unausukuma kupitia vitundu vidogo sana hadi ndani ya bafu la asidi ya salfa, na kila tundu linatoa uzi unaong'aa.

Uzi ukishatoka ni selulosi tupu tena, kama pamba. Kwa hiyo usiende kuchoma blauzi zako, aliyeivaa hakuumia. Kaboni disulfidi iliingia kwenye mchanganyiko ili kulainisha tu, na kwenye bafu la asidi inatoka. Inatoka kwenda wapi? Kwenye hewa ya yule anayesimamia mashine, ikiandamana na mwenzake, hidrojeni sulfidi, ile gesi inayonuka kama yai viza na inayochoma macho. Wasokotaji wa viskosi walikuwa na ugonjwa wao wa macho: mwanga unawachoma kama mchanga, machozi hayakomi.

Kampuni ya Courtaulds ilinunua haki za mbinu hiyo mwaka 1904 na kuanza kuzalisha Coventry. Muda si muda ikafungua tawi Marekani, huko Pennsylvania. Mwaka 1924 Wamarekani wakaupa uzi huo jina jipya la biashara, rayoni. Msichana wa ofisini akaweza kuvaa soksi ndefu za kung'aa kama mke wa tajiri. Na madaktari wa hospitali za wagonjwa wa akili wakaanza kupokea wasokotaji.

Mtu aliyewafuata ni Alice Hamilton, daktari aliyezaliwa 1869, mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard. Alikuwa ameijua kaboni disulfidi tangu alipochunguza viwanda vya mpira miaka ya 1910. Karibu na umri wa miaka 70, badala ya kupumzika, alihusika katika uchunguzi wa viwanda vya rayoni vya Pennsylvania, na ripoti yake ikatolewa na Wizara ya Kazi ya Marekani mwaka 1940. Waliochunguzwa walikuwa na neva zilizoharibika, mikono inayotetemeka, akili zilizovurugika. Miaka zaidi ya 80 ilikuwa imepita tangu Delpech, na dalili ni zilezile.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, vita ilikuwa imeonyesha ni nani hupewa kazi hii akikosekana wa kuikubali. Agnès Humbert alikuwa mtaalamu wa historia ya sanaa Paris na mmoja wa wa kwanza kujiunga na upinzani dhidi ya Wanazi. Walimkamata 1941, wakampeleka Ujerumani kufanya kazi ya lazima katika kiwanda cha rayoni cha Phrix, mjini Krefeld. Katika kitabu alichochapisha 1946 anaeleza asidi iliyotoboa nguo na ngozi, na macho yaliyofura hadi wafungwa wakawa hawaoni. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya adhabu yao.

Baada ya vita, uvutaji wa sumu ulipunguzwa kiasi, watu hawakurukwa na akili kwa wingi kama zamani, na ikaonekana shida imekwisha. Lakini wapi. Mwaka 1968 watafiti wa Uingereza waliochunguza viwanda vya viskosi walionyesha kwamba wafanyakazi waliovuta zaidi walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara mbili ya ilivyotarajiwa. Ufini nao wakawafuatilia wafanyakazi 343 wa viskosi na kuwalinganisha na wengine 343 wa kiwanda cha karatasi. Jibu likawa lilelile: moyo. Sumu ileile, kwa kiasi kidogo na kwa miaka mingi, ilikuwa inaziba mishipa polepole, na kila familia ikizika mtu wake ikidhani ni bahati mbaya. Ufini ikapunguza kiwango kilichoruhusiwa hewani, na vifo hivyo vya ziada vikashuka. Kwa hiyo inawezekana. Tatizo ni kwamba kuisafisha hewa kunagharimu pesa, na kuna njia nyingine isiyogharimu sana: kuuza mashine.

Hapa ndipo mimi, mtoto wa Gikomba, nilipoielewa hii historia vizuri.

Miaka ya 1960 kampuni ya Toyo Rayon ya Japani ilikuwa na mashine kuukuu za viskosi. Zikanunuliwa Korea Kusini, zikafungwa karibu na Seoul, na mwaka 1966 kiwanda kikaanza kazi. Baadaye kiliitwa Wonjin Rayon. Korea ilikuwa maskini, ajira ilikuwa neema. Ilichukua hadi 1988, mwaka wa Olimpiki za Seoul, ndipo gazeti likatangaza habari za wafanyakazi wake waliopooza, waliopoteza usemi, waliokufa. Mmoja alipofariki mwaka 1991, wenzake na familia yake walikataa kumzika kwa zaidi ya miezi minne hadi ikubaliwe kwamba ni kazi iliyomuua. Kiwanda kilifungwa 1993. Waliotambuliwa rasmi kuwa waathiriwa walipita 900. Pesa za fidia zilisaidia kujenga hospitali yao wenyewe, na ile ya Seoul, iliyofunguliwa 2003, inafanya kazi hadi leo.

Na mashine? Mwaka 1994 ziliuzwa tena, zikaenda Dandong, China.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Mashine zilikuwa zimepita Japani, zikapita Korea, sasa zikaingia China. Zilikuwa mitumba. Japani ilivaa kamera, Korea ikavaa baada yake, na kilichobaki kikatafutiwa soko la fagia. Tofauti ni kwamba doa la nguo linaonekana. Nguo ya mtumba ikifika Gikomba, Mama anaishika, anaigeuza, ananusa kwapa, anajua amenunua nini. Aliyesimama mbele ya mashine zile Dandong aliambiwa ni ajira.

Leo viskosi nyingi ya dunia inatengenezwa China, India na Indonesia. Mwaka 2017 shirika la Changing Markets lilichapisha ripoti kuhusu uchafuzi karibu na baadhi ya viwanda vya nchi hizo. Njia nyingine ipo: tangu miaka ya 1990 unauzwa uzi wa liosel, unaotokana na mbao vilevile lakini kwa kiyeyusho kingine ambacho karibu chote hurudishwa kutumika tena. Kaboni disulfidi haihitajiki kabisa. Ila ni ghali zaidi, na soko linapenda bei ya chini, mimi nikiwemo.

Mpangilio wa kujikinga na sumu za aina hii haujabadilika sana popote uendapo. Jambo la kwanza ni kuuliza kama hiyo kemikali ni lazima, au kuna isiyo na madhara kama yake. Ikiwa lazima, ifungiwe: tangi lenye mfuniko, mabomba yasiyovuja. Halafu hewa ivutwe pale pale mvuke unapotokea, na chini, kwa sababu mvuke mzito unakaa chini. Feni ya ukutani inayozungusha sumu chumbani haisaidii mtu. Vyanzo vya moto viondolewe, pamoja na cheche za umeme tuli, kwa kuunganisha mapipa na ardhi kwa waya wakati wa kumimina. Hewa ipimwe kwa kifaa, isipimwe kwa pua. Barakoa inakuja mwisho kabisa, na iwe yenye kichujio cha mvuke. Ile ya kitambaa tuliyovaa wakati wa korona inazuia vumbi kidogo tu. Maziwa hayamo kwenye orodha.

Na Kenya tuna sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka anayeuza kemikali hatari atoe karatasi ya maelezo ya usalama wake, na chombo kiwe na lebo. Inasema pia kwamba mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hawezi kumrudisha pale kabla hajairekebisha. Nilifanya kazi miezi mitatu bila kujua hata moja ya haya. Supavaiza naye, nadhani, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananipa alichopewa yeye siku yake ya kwanza: pakiti ya maziwa na neno moja.

Mwezi uliopita mdogo wangu alipata kibarua. Ni gundi tena, godauni tofauti, barabara ileile. Mama alifurahi, nami sikutaka kumharibia furaha. Ile mia tano ya kila siku ina kazi nyumbani. Wiki ya pili akanitumia ujumbe: "Hata harufu siskii siku hizi. Nimezoea."

Nilimpigia palepale. Nikamwambia anipigie picha ya lebo ya pipa. Jioni picha ikaja: pipa limepakwa rangi ya bluu juu ya maandishi yote. Hata Gikomba hatuuzi nguo kwa kuificha hivyo.

Jumatatu ataenda kumuuliza supavaiza karatasi ya ile gundi iko wapi, na kama dirisha la nyuma linaweza kufunguliwa. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Nje ya geti kuna vijana ishirini wanaongoja nafasi yake. Nimemwambia asiende peke yake. Waende wawili, watatu, waseme kitu kimoja.